Mwalimu wa Ngumbaro Asiyemaliza Hadithi

Mwalimu wetu wa ngumbaro alijua kila kitu kuhusu kuandika hadithi isipokuwa kuimaliza. Nasema hili mapema ili msije mkadhani namwandikia sifa za msibani. Yeye hazipendi, na mimi sina.

Kwetu ukimtaja mtu, swali la kwanza ni yeye wa ukoo gani. Msiniulize. Alikuwa Mwalimu, basi. Hata mkewe alimwita Mwalimu.

Tangu hadithi zangu tatu zisomwe redioni, vijana wanakuja nyumbani kuniuliza namna ya kuandika. Wanaelekeza simu usoni kwangu, wanataka niseme kwa dakika mbili halafu waondoke. Mimi niliishia darasa la tatu. Nilichonacho nilikipata kwa mtu huyo, ndani ya ghala la zamani la pamba, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, mikono ikiwa bado na vumbi la mawe. Kwa hiyo nitawaeleza habari zake. Atakayeona kitu cha kuchukua achukue.

Miaka ile kila mtu alikuwa machimboni. Wanaume wanashuka kwenye maduara, ndiyo mashimo yenyewe ya dhahabu, wanapandisha mawe kwa viroba. Sisi wanawake tunayaponda kwa nyundo mpaka yanakuwa unga, na unga unaoshwa. Watu walitoka Mugumu, Ikoma, Sirari, na ng'ambo kwa ndugu zetu wa Kenya. Walimu wa shule waliacha chaki wakashika sururu. Yeye alikuja na chaki yake wakati wenzake wanazitupa. Alitumwa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, akakuta watu wazima hawana nafasi. Leo darasa limejaa, kesho mtu amepata jiwe lenye rangi huko kilimani, wote wamekimbia, amebaki yeye na ubao. Basi akakiweka pembeni kitabu alichopewa, akasema tutajifunza kwa kutunga hadithi, maana mtu anayesubiri kujua mwisho hatoroki.

Maneno hayo yalitoka kinywani mwake mwenyewe. Yashikeni.

Herufi zilipoanza kututii, alituagiza kila mmoja aje na jiwe analoponda. Tukaja watu kumi na tisa, mawe mapajani kama tumepakata watoto. "Andikeni jiwe lilivyo," akasema. "Atakayeandika neno dhahabu anatoka nje." Ghati, mwenzangu tuliyekuwa tunaponda naye bega kwa bega, akaandika: Jiwe langu ni zuri. Mwalimu akalichukua lile jiwe, akaligeuza huku na huku.

"Zuri vipi, Ghati? Nikililalia kama mto, nitaamka tajiri au nitaamka shingo imepinda?"

"Shingo itapinda, Mwalimu."

"Basi andika shingo."

Mpaka leo nikikwama kwenye ukurasa najiambia, andika shingo. Kijana mmoja aliniletea hadithi juzi, mapenzi yamejaa humo kama unga kwenye gunia, na sikuona mahali hata pamoja ambapo mtu amemshika mwenzake mkono. Nikamrudishia. Akaondoka bila kuaga.

Neno "sana" Mwalimu alilichukia. Ukiliandika, unafagia ghala. Mimi nilifagia siku kumi mfululizo, kwa sababu mwanamke wa kwenye hadithi yangu alikuwa na huzuni sana, ana njaa sana, amechoka sana. Siku ya kumi na moja nikaandika kwamba alikaa chini kabla hajafika kwenye kigoda. Mwalimu akasoma, akainua macho. "Leo hufagii." Lakini msikilize yeye akizungumza: jua kali sana, barabara mbovu sana, nyinyi wanawake wa huku wabishi sana. Ghati alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza. Siku moja vidole vilipomwishia akainuka, akamletea Mwalimu ufagio. Mwalimu aliupokea, akafagia ghala zima, na kule pembeni walikolala popo pia, sisi tumekaa tunamwangalia.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ukimkamata, hakatai.

Alisema mazungumzo ya kwenye hadithi hayatungwi, yanafuatwa huko yaliko. Jumamosi alikuwa anaenda Sirari, mpakani, anakaa kwenye benchi karibu na wabadilisha fedha, anajifanya anasubiri mtu, kumbe anaandika wanavyogombana. Siku moja jamaa wa upande wa Kenya akamsimamia kichwani. Mwalimu alitusimulia huku akiigiza sauti zote mbili.

"Wewe mzee, wewe ni wa kodi ama?"

"Mimi ni mwalimu."

"Mwalimu gani anaandika mdomo yangu?"

"Wa watu wazima."

"Sasa mimi ni mtoto? Leta hiyo kitabu nione."

Yule jamaa akasoma ukurasa mzima. Mwalimu alikuwa tayari amevua miwani akisubiri kofi. Jamaa akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa umekosea. Mimi sikusema 'ondoka'. Nilisema 'enda ukaulize mamako'. Andika vizuri."

Mwalimu alirudi na furaha kama amepewa ng'ombe. "Mmeona? Hata mtu mwenye hasira anataka maneno yake yakae sawasawa." Tukashangaa, kwa sababu kwenye hadithi zetu sisi watu wote walizungumza kama katekista anayesoma matangazo. Kuanzia siku hiyo akawa anapita na dole gumba. Anafunika jina la msemaji, anakuuliza, huyu nani? Ukishindwa kumjua kwa maneno yake, unaandika upya. Mama mkwe na mwizi wa ng'ombe hawawezi kuzungumza sawa, alisema. Mimi nikamwambia wangu wanazungumza sawa kabisa. Alicheka mpaka akakohoa.

Ila na yeye alikuwa anaandika asiyoyajua. Alitusomea ukurasa wake mmoja ambamo mchimbaji amesimama chini ya duara, mikono kiunoni, anatazama anga. Mwita, mchimbaji aliyekuwa anakaa dawati la nyuma kwa sababu ya miguu yake mirefu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo mtu wako amesimama wapi?"

"Chini, ndani ya duara."

"Mura, kule chini hatusimami."

Darasa zima likacheka, mtu na ualimu wake kaitwa mura, yaani kijana. Mwalimu hakucheka. Kesho yake alimwomba Mwita amshushe. Walimfunga kamba, wakamteremsha, na kabla hajafika nusu akaanza kupiga kelele apandishwe. Walimpandisha amepauka kwa vumbi, suruali imechanika magotini. Aliketi kwenye rundo la mawe, akaomba kalamu kabla ya maji. Aliandika kwamba mle ndani unasikia harufu ya jasho la mtu aliyeko juu yako, na kwamba magoti ndiyo yanayoona njia. Usiku, nyumbani, akachana kurasa kumi na moja za zamani. Kurasa kumi na moja kwa magoti mawili! Nendeni mkaone wenyewe, halafu mchane. Mimi ushauri mwingine sina.

Sasa niseme habari za hadithi yake yeye, maana ndiyo iliyomkaba.

Ilikuwa kwenye madaftari sita, yamefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ilikuwa ya kijana anayetoka Ikoma kwenda machimboni kutafuta ng'ombe wa mahari. Haikuchukua muda tukajua kijana huyo ni nani. Mwalimu alikuwa na mdogo wake aliyeondoka nyumbani namna hiyohiyo, hakurudi, na hakuna aliyeleta habari kwamba yu hai au amekufa. Ndiyo sababu aliomba kituo cha huku, wakati wenzake wanakikimbia. Kila mchimbaji mgeni akiingia darasani alimwuliza mara moja tu, kwa upole, kisha akamfundisha herufi. Hadithi ikifika mahali kijana anashuka duarani, inasimama. Mwaka ukigeuka Mwalimu anaanza tena ukurasa wa kwanza.

"Anarudi au harudi?" tulimwuliza.

"Bado anatembea."

Wakati huohuo sisi hatukuruhusiwa kuacha kitu njiani. "Hadithi mbaya iliyokwisha nitaisahihisha," alisema. "Isiyokwisha nitasahihisha nini?"

"Yaulize madaftari yako sita," Ghati akamjibu.

Tulidhani atamtoa nje. Alifumbata chaki kiganjani. "Ghati, mimi ninaomba kitu kimoja. Nife nikiwa nimeandika sentensi ya mwisho. Moja tu." Ghati akainamisha kichwa. Tangu siku ile hatukumtania tena kwa jambo hilo. Kwa mengine tulimtania.

Mimi ya kwangu niliimaliza, na ikataka kunifukuzisha nyumbani.

Alitupa kazi: andikeni mtu amepata kitu. Nikaandika mjane anayechimba muhogo, jembe likagonga jiwe lenye mstari wa njano. Nilikumbuka shingo, nikakumbuka magoti, nikasema leo Mwalimu hatanipata. Nikaenda shambani kwa mama mkwe wangu, nikapima. Nikaandika kwamba ni nyuma ya zizi la mbuzi, hatua saba kutoka kwenye kichuguu, upande jua linakotokea, mahali udongo mwekundu unapogeuka mweupe kama unga wa muhogo. Ijumaa nikasoma mbele ya darasa. Hakuna aliyekohoa. Mwita peke yake aliuliza, "Hatua za mwanamke au za mwanaume?" Nikamjibu za mwanamke, nikajisikia mwandishi mkubwa.

Asubuhi nilikuta wanaume kumi na watatu kwenye muhogo wetu. Wengine walikuwa wamezama mpaka kiunoni. Mama mkwe amesimama kwenye kichuguu na fimbo, kanga imemdondoka begani.

"Nani amewatuma kwenye shamba langu?"

"Mama, shikamoo. Mkweo amesoma mwenyewe."

"Amesoma nini?"

"Imeandikwa, mama. Iko kwenye daftari."

Mnaocheka, mngekuwa huku mngeshika sururu. Kwetu miaka ile kilichoandikwa kilikuwa kimetoka mahakamani, kanisani au serikalini. Hakuna aliyewahi kuona mtu mzima anakaa chini, anachukua kalamu, anaandika jambo ambalo halikutokea. Wale watu hawakuwa wajinga. Walinisikia nikitaja hatua saba, wakaona mtu hawezi kutaja hatua saba kama hakuzipiga. Na kweli nilizipiga.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao siku hiyohiyo. Mashtaka yalikuwa mawili. Mimi nimeharibu shamba la mama mkwe kwa mdomo wangu, na Mwalimu anafundisha watu uongo, kwa hiyo darasa lifungwe. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuniambia nifunge nguo zangu, nirudi kwa baba yangu. Nilizifunga. Nilikaa kwenye kikao kile na kifurushi miguuni.

"Uliiona dhahabu?" Mwenyekiti akaniuliza.

"Sikuiona."

"Kwa nini ukaandika?"

"Nilijua kichuguu, nikajua muhogo, nikajua mtu akitafuta kitu anavyopumua. Jiwe nililiweka mimi."

"Kwa hiyo ni uongo."

Nikamtazama Mwalimu anisaidie. Niwaambieni, mtu yule aliyetufundisha kusema hakuweza kusema. Mbele ya watu, bila chaki mkononi, alikuwa kama aliyemeza mfupa. Alisimama, akafungua mdomo, akaketi. Nikajua darasa limekwenda, na mimi nimekwenda.

Ndipo mama mkwe akainuka.

"Mwenyekiti, huyo mjane alilipata jiwe. Halafu?"

"Mama, tuko kwenye kesi."

"Kesi ni ya shamba langu. Hawa wanaume wote wanajua kilichompata, Mwita anajua, na mimi mwenye muhogo sijui. Asome."

"Mama..."

"Asome!"

Nikatoa daftari kwenye kifurushi, nikasoma. Nilipofika mahali mjane analificha lile jiwe kwenye chungu cha unga ili shemeji zake wasilione, mama mkwe akajipiga paja.

"Mpumbavu huyo! Kwenye unga ndiko wanakoanza kutafuta!"

"Angefukia chini ya jiko," mzee mmoja akasema.

"Jiko la nani? Si watoto wanachota majivu kila siku!"

"Kwenye zizi, chini ya kinyesi."

"Mbuzi watafukua."

Mwenyekiti mwenyewe akasema yeye angelitundika darini ndani ya kibuyu cha zamani, wakamzomea. Walibishana mpaka jua likashuka, mahali pa kumfichia jiwe mwanamke ambaye hakuwepo, jiwe ambalo halikuwepo. Mwisho Mwenyekiti akakumbuka kesi. Akaamua wachimbaji wafukie mashimo na kupanda muhogo upya. Mama mkwe akasema moja walibakishe, lile refu. Ndilo choo chetu mpaka leo. Kuhusu darasa hakuna aliyetaja tena, na kifurushi changu mama mkwe alikibeba yeye mwenyewe kurudi nyumbani. Ijumaa iliyofuata alikuja kwenye ghala na kigoda chake. Hakujifunza herufi hata moja. Alikuja kuwasahihisha watu wa kwenye hadithi.

Mwalimu aliniita pembeni. "Wamekuamini," akasema. "Nimefundisha miaka yote hii, sijaona mtu ameaminiwa kwa sururu kumi na tatu." Kisha akakaza uso. "Siku nyingine hamisha kichuguu."

Baadaye machimbo yalizungushiwa uzio, watu wakatawanyika, ghala likaezuliwa bati. Mwalimu alistaafu, akahamia Turwa, pale Tarime mjini, kwenye nyumba ndogo yenye migomba. Nilikuwa nikipita namsalimia. Kisha miaka ikapita sikupita. Ghati ndiye aliyeniletea habari kwamba macho yake yamekwisha.

Nikaenda mchana mmoja, na viazi vitamu kwenye kikapu. Mkewe alikuwa shambani pembezoni mwa mji. Nilimkuta Mwalimu amekaa mezani peke yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo sauti imekula vumbi la mawe. Mama Robi?"

"Ndiye."

"Nilikusikia redioni. Mwanzo ulikuwa mrefu."

"Asante."

"Ulikuwa mrefu sana." Akajisikia mwenyewe, akacheka. Kisha akasukuma madaftari mbele yangu, yakiwa yamefungwa kwa mpira uleule. "Mkono unaandika, ila mistari inapandana. Niandikie mwisho. Nimeshaupata."

Nikachukua kalamu. Akasema kijana anarudi nyumbani na ng'ombe ishirini mbele yake, vumbi jekundu, mama yake anapiga vigelegele.

Sikuandika. "Uliwaona hao ng'ombe?"

"Sikuwaona."

"Basi?"

Akajaribu tena: udongo unaporomoka, taa inazimika, kijana anamtaja mama yake.

"Ulikuwepo?"

"Mama Robi, umekuwa mkali."

"Nani mwingine alinifundisha? Hujui kama mdogo wako alikufa, hujui kama alirudi njia nyingine. Miaka yote unatafuta usichokijua. Unajua nini? Niambie unachokijua."

Nilidhani nimemwumiza. Aliondoa mikono mezani, akaiweka mapajani. Kuku walikuwa wanaparua mlangoni. Alipozungumza, hakuzungumza kama mtu anayetunga.

"Mama alikuwa anamwekea uji. Kila jioni. Uji wa wimbi, kwenye bakuli lake, amefunika kwa sahani ya bati. Asubuhi anapewa mbwa. Miaka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwaka wa njaa. Nilikuwa nyumbani likizo. Mama hakuwa amekula tangu jana yake. Akapika kilichokuwepo, akamwekea, akafunika. Akakaa anaangalia lile bakuli. Kisha akalifunua, akaunywa uji wote. Akaliosha bakuli, akaliweka pamoja na mengine."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Akaenda kufunga ndama."

Niliandika hivyohivyo. Ndama sikuwaandika, niliishia kwenye bakuli. Nikamsomea. Akaomba nirudie, nikarudia. Machozi yalimshuka mpaka kwenye ndevu, akayaacha yashuke, na mimi nikaangalia kuku. Mtu akilia kwa kazi aliyoimaliza usimpe kitambaa.

"Ni hiyo," akasema. "Ndiyo sentensi yenyewe."

"Ndiyo yenyewe."

Kisha nikaona kidole chake kimeanza kugonga meza.

"Lakini labda mbwa abweke."

"Mwalimu."

"Kidogo tu. Kama vile kuna mtu anakuja huko njiani."

"Hapana."

"Mbwa mmoja, Mama Robi. Mara moja."

Akanyoosha mikono yote miwili, akapapasa meza kutoka upande huu mpaka upande ule. Akagusa madaftari matano, akagusa kalamu, akagusa kikombe, akagusa viazi vyangu kimoja kimoja. La sita hakulipata. Nilikuwa nimelikalia.